Steringi wangu haruki, na mwisho anakufa

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua hii ni ndefu na mtaikata, ila kama mtakata msikate ile sehemu ya bomba la maji, ipo kule mwishoni, ndo hasa iliyonifanya nishike simu kuandika.

Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya msomaji mwenzangu, nadhani ni mtu mzima maana "vijana wa siku hizi" ameiandika mara nne (nilihesabu), analalamika kwamba vijana wetu wanaocheza filamu wameishiwa, badala ya kutoa filamu zenye mafunzo wanataka kuiga Wamarekani, kuvaa chupi juu ya suruali na kuruka angani. Nilikuwa kwenye daladala naenda Mbagala Rangi Tatu, nikacheka mpaka jirani yangu kwenye siti akaomba na yeye aone, afu nikaacha kucheka. Maana huyo kijana ni mimi. Sio kwamba ananijua, ila huu mwaka wa tatu natengeneza filamu ya supahiroo kwa hela yangu ya mfukoni, na kuna sehemu yule mzee kasema kweli na kuna sehemu kanionea, kwahiyo naomba nimjibu bila kumvunjia heshima. Shikamoo yake kwanza.

Kazi inayoniweka mjini ni kushuti harusi. Sendofu, kicheni pati, ubatizo, maulidi, mahafali ya chekechea, popote penye MC na keki mi nipo, na kamera yangu Canon ya mkono wa pili yenye kioo kilichopasuka kwenye kona. Ijumaa mpaka Jumapili nashuti watu wakilishana keki, Jumatatu na Jumanne naediti hao watu wa keki, Jumatano na Alhamisi ndo siku za filamu yangu kama waigizaji wamepatikana. Na waigizaji wenyewe ni dereva wa bajaji, mama muuza vitumbua, watoto wa mtaani kwetu, na kuli wa kweli kabisa wa soko la samaki pale Feri ambaye ndo steringi. Bajeti sitaji, sio siri, ila kila nikiijumlisha kichwa kinaniuma.

Sasa Mhariri, kuna swali moja nimeulizwa mpaka nimelichoka. Nikimwambia mtu natengeneza filamu ya supahiroo, kabla sijamaliza sentensi anauliza: anaruka? Mama yangu mzazi aliuliza hivyo. Bodaboda wa kijiweni wakauliza. Mjomba aliyenikopesha laki mbili akauliza, anaruka? nikamwambia haruki mjomba, akanyamaza kidogo, akasema basi ile hela utanirudishia lini.

Haruki. Na kabla mtu hajasema ni kwa sababu sina hela ya kumrusha, ngoja nieleze kitu. Kwa Kiswahili hapo tumezoea kutumia neno moja, panzi anaruka, na ndege anaruka, sasa yule Superman ambaye ndo babu yao wote, alipotoka mara ya kwanza mwaka 1938 alikuwa anaruka kama panzi. Kweli kabisa. Alikuwa anapiga mruko mmoja anavuka majengo afu anatua chini, hakuwa anaelea hewani, mambo ya kuruka kama ndege yalikuja baadaye miaka ya 1940 mwanzoni, watu wa katuni za sinema waliona mtu anayerukaruka kama kangaruu hapendezi. Kwahiyo hata kwao kuruka sio msingi wa hadithi, ni kitu kilichoongezwa njiani. Huwa nasema hivi kijiweni wananiambia we unajua mambo mengi yasiyo na faida.

Mi supahiroo nimemjulia kibanda umiza. Vijana wadogo hawajui hii kitu sababu kila mtu ana simu, ila sisi tulikuwa tunalipa shilingi mia tunakaa kwenye mabenchi ya mbao, banda la mabati, madirisha yamezibwa na maboksi, jasho, na mtu mzima mmoja anavuta sigara, tunaangalia tivii ya inchi 21 watu sitini. Na mkanda ukiwa haujatafsiriwa watu wananuna. Tulikuwa tunataka ule uliotafsiriwa, sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa mikanda, juu ya sauti ya Mzungu, jamaa wa buibui ananing'inia kwenye ghorofa huko New York na sauti inakwambia huyu dogo ada ya shule hajalipa na shangazi yake anadaiwa kodi ya nyumba. Wengine tulikuwa hatujui kabisa kwamba yale maneno nusu yake hayakuwemo kwenye filamu! Mi nilikuwa najua supahiroo anaongea Kiswahili. Niliposikia mara ya kwanza mkanda wenyewe bila tafsiri nilijiona nimeibiwa.

Ndo maana nasema yule mzee kasema kweli kwa sehemu. Mwaka wa kwanza niliiga. Nakiri. Niliandika skripti ya jamaa anapigwa na radi anapata nguvu, anavaa nguo za kubana, anapambana na majambazi. Nguo nilitengeneza mwenyewe kwa ndala. Msicheke. Zile ndala nyepesi za mpira wa povu zinakatika vizuri na wembe, ukizipasha moto kidogo zinapinda unavyotaka, unapaka gundi ya viatu unaunganisha, unapuliza rangi ya gari, ukiwa mbali unaona kabisa chuma. Nilitumia ndala za watu wote wa nyumbani na nyingine nikaokota ufukweni, zikafika pea arobaini na kitu. Suti ilipendeza jamani, nilipiga nayo picha nikaweka kwenye profaili watu wakaweka moto moto.

Siku ya kushuti tukaenda ufukwe wa Coco saa tano asubuhi mwezi wa pili. Nadhani anayeishi Dar ameshajua kilichotokea. Jua likaingia kwenye gundi, bega la kushoto likaanza kuteleza, afu kifua, afu steringi wa wakati ule (sio huyu wa sasa) akaniambia bro sioni vizuri, akakaa chini, akalala. Watu wakajaa. Mama mmoja muuza mihogo akammwagia ndoo ya maji ya kuoshea mihogo, na kijana anaamka vipande vya ndala vinaelea kwenye mchanga, na mtoto mmoja anapiga kelele "mama ona ile ndala yangu!" Hapo nilipakia vitu vyangu nikarudi nyumbani. Yule mwigizaji alipona siku hiyo hiyo ila simu zangu hakupokea tena.

Nikaenda Tanga kwa bibi kupumzisha akili. Bibi yangu hajawahi kuingia sinema. Nikamhadithia kisa cha ndala akacheka mpaka akafuta machozi na pindo la kanga, afu akauliza kitu ambacho ndo kimebadilisha filamu yote. Akasema, kwani mwanangu, Liyongo alivaa nini?

Mhariri, hapo nilijiona mjinga kweli. Liyongo nimesoma shule, nimeandika insha ya Liyongo, nimepata hadi alama nzuri, na haijawahi kunijia kichwani kwamba ninayemtafuta nilishamkariri kwa ajili ya mtihani. Fumo Liyongo, yule shujaa wa Pate na Ozi, kule pwani ya Kenya. Utenzi wake uliandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, na hadithi yenyewe watu walikuwa wanaisimulia na kuiimba kabla ya hapo miaka mingi. Superman kaja 1938. Nani kamwiga nani hapo?

Nisikilizeni mambo yake. Jitu refu lenye nguvu, halitoboki kwa mkuki wala mshale. Anatembea na mkoba, watu wanadhani ana vitu vya kawaida, anafika anatoa humo kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga yake. Mtawala wa Pate anamwogopa, anataka auawe. Wanatengeneza kikoa, yani wanakula pamoja kwa zamu chini ya mti wa mkoma, kila mtu zamu yake ikifika anapanda kuangusha makoma, yani matunda yake, mpango ni kwamba Liyongo akiwa juu ya mti wote wamfumue kwa mishale. Zamu yake ikafika. Hakupanda. Alichukua upinde wake akayadungua makoma kutoka chini, yakaanguka, wakala, wakatazamana. Sasa niambieni, huyo anahitaji kuruka? Amekataa hata kupanda mti!

Wakamfunga. Wakampa nafasi aombe kitu cha mwisho, akaomba apigiwe gungu, ngoma. Mama yake kule nje kaoka mikate, ile mizuri walinzi wakaila wenyewe kama ilivyo kawaida ya walinzi, ule mbaya wa wishwa wakamwachia Liyongo, na tupa ilikuwa ndani ya ule mbaya. Ngoma ikilia yeye anasaga minyororo, kelele za matari zinaficha kelele za tupa. Mi kama mtu wa filamu nilipoifikiria upya ile sini nilikaa kitako barazani kwa bibi. Hii imeeditiwa tayari! Ngoma, tupa, ngoma, tupa, uso wa mlinzi, mguu wa mchezaji, tupa. Mtu wa mwaka 1913 kaandika kwa kalamu na kaelewa sauti inavyofanya kazi kuliko mimi mwenye laptopu.

Na ana udhaifu wake, ndo uzuri wenyewe. Sindano ya shaba kitovuni, hiyo tu ndo inamuua. Na anayejua siri na kuitumia ni mtoto wake mwenyewe wa kumzaa, aliyeahidiwa cheo na mke.

Nikarudi Dar nikaichana ile skripti ya radi. Filamu sasa iko Feri. Jina lake sisemi kwa sababu nitakayoeleza chini. Kuli wa kubeba barafu, ana miaka arobaini na kidogo, anavaa singlendi, bukta na ndala (ndala zima safari hii, za miguuni). Sini ya kwanza kisu cha mtu anayepaa samaki kinateleza kinapita kwenye mkono wake, kila mtu anashtuka, anaangalia mkono, hakuna kitu, anabeba barafu yake anaondoka. Hakuna muziki. Adui ni tajiri mwenye maboti anayepanga bei ya barafu atakavyo. Na mtoto wa steringi, kijana wa miaka kumi na saba, hanunuliwi kwa ufalme, ananunuliwa kwa bodaboda mpya ambayo siti yake bado ina nailoni. Ile nailoni ndo naipenda kuliko kitu chochote kwenye filamu nzima, tumekataza mtu yeyote kuibandua mpaka tumalize, na pikipiki yenyewe ya kuazima kwa hiyo mwenye nayo anaendesha mtaani na nailoni yake watu wanamcheka.

Ila sasa ndo yakaanza mengine. Nilipeleka skripti kwenye ofisi moja sababu kushuti bila kibali ni kosa na mi sitaki matatizo. Afisa aliyenipokea hakuwa mbaya, kanikaribisha kiti, kasoma kurasa kama nne, akavua miwani akasema, kijana, huyu kwanini hakatwi na kisu? Nikasema ana nguvu za asili. Akasema yani uchawi. Nikasema hapana, ni shujaa. Akasema shujaa wa uchawi. Akaniuliza na yeye, anaruka? Nikasema haruki. Akasema angeruka ningeelewa.

Nimelifikiria sana lile neno. Mzungu akirusha radi kwa mkono ni supahiroo, watoto wananunuliwa begi la shule lenye picha yake. Mtu wa Sumbawanga akisemwa tu kwamba anaweza kurusha radi, watu wanahama kitongoji. Mtu wetu mwenye nguvu isiyo ya kawaida ana sehemu mbili tu za kukaa kwenye filamu za hapa, ama ni mganga anayepakwa unga usoni na kuchekea kooni, ama ni jini aliyekuja kumchukua binti wa watu. Na sio kosa la yule afisa, ndo filamu alizoletewa miaka yote. Lakini mtu anayesoma Liyongo darasani hasemi ni mchawi, anaandika shujaa, mwalimu anaweka vema. Sasa kwanini akitoka kwenye daftari akaingia kwenye kamera anageuka mchawi? Kibali nilipata mwishowe, baada ya kurudi mara tano na kupeleka nakala ya utenzi. Mara ya tano nilimkuta yule afisa amebakisha beti chache amalize, kaniuliza kama ninazo nyingine za namna hii.

Upande wa kazi yenyewe siwachoshi, ila mbili tatu. Sindano ya shaba nilitaka iwe shaba kweli maana kwenye kamera rangi ya kupaka inajulikana. Nikaenda kwa wauza skrepa, wananiangalia kama mwizi wa nyaya maana kijana anayeulizia shaba kipande kidogo ana maana gani, mwisho nikapata kipande kutoka kwenye mota mbovu, nikampelekea fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani. Akakinyoosha kwa nyundo ndogo, akakichonga kwa tupa, akakisugua na msasa wa maji, dakika ishirini, urefu wa kalamu ya risasi ikiwa mpya. Akaishika juani ikawaka nyekundu ile ya machweo. Akaniuliza ya nini, nikamwambia ni ya kumuulia mtu asiyekufa, kitovuni. Hakushangaa. Akasema, "aah, Liyongo," akakataa nusu ya hela. Huyo hakuuliza kama anaruka.

Kompyuta ndo ilinifundisha adabu. Kuna sini moja tu yenye efekti, upanga unakunjika kifuani. Sekunde kumi. Filamu inakwenda picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo hizo ni picha 240, na kompyuta yangu ilikuwa inachukua kama dakika sita kwa kila picha kuipika. Piga hesabu, ni saa 24 kamili kwa sekunde kumi. Nimewasha, nimeiwekea feni, nimelala pembeni yake kama mgonjwa, imefika picha ya 198 umeme ukakatika. Saa karibu ishirini zimekwenda. Na mi kwa ujinga nilikuwa natoa video moja kwa moja, sikujua kwamba ukiiambia itoe picha mojamoja kwenye folda basi umeme ukirudi unaendelea ulipoishia. Kama kuna kijana anasoma hapa na anataka kujifunza, hilo tu ndo somo langu, toa picha mojamoja, halafu uzisahau zile video.

Na kitambaa cha kijani nyuma ya mwigizaji. Mama muuza vitumbua anayeigiza mama wa steringi alikuja na kanga nzuri, nyeupe, maandishi meusi, pindo la kijani. Mi sikuona. Kwenye kompyuta nikafuta kijani ili niweke bahari nyuma yake, na pindo likafutika nalo, mama wa watu kanga yake imebaki katikati tu na maandishi "Mungu hamtupi mja wake" yanaelea mbele ya bahari. Nilimwonyesha akasema iache hivyo hivyo. Nimeiacha nakala moja kwa ajili yake.

Sasa hili la jina. Mwaka jana mtu mmoja mwenye duka la kusambaza filamu Kariakoo alisikia, akaniita, soda mezani, akasema anataka kununua. Nikafurahi kama mtoto. Akataja hela, na kwa mtu wa kushuti keki hela ile ilikuwa nzuri, sitadanganya. Kwa sharti mbili. La kwanza, mzigo wote unakuwa wake, filamu, jina, na huyo steringi mwenyewe, akitaka kutengeneza sehemu ya pili na ya kumi bila mimi ni ruksa yake, milele. La pili, steringi asife. Akaniambia mdogo wangu, steringi hafi, watu watachana viti.

Hilo la kwanza lilinirudisha tena kwa Superman. Waliomtunga ni vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, na walisaini kuuza kila kitu kwa dola 130. Mia moja na thelathini, wakagawana. Mtu wao akawa utajiri wa dunia nzima, wao wakaenda mahakamani miaka na miaka, na ni mwaka 1975 wakiwa watu wazima wamechoka ndo kampuni ikakubali kuwapa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao kwenye kazi. Walitunga mtu ambaye risasi haimwingii, kumbe karatasi inaingia. Nikakunja mkataba wake nikamshukuru kwa soda. Ndo maana jina sisemi, mpaka nikamilishe usajili wa hakimiliki. Mjomba wa laki mbili hajafurahi na uamuzi huu.

Na mtu asiseme haiwezekani bila tajiri. Pale Kampala, mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya vita mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, bunduki za vyuma chakavu, helikopta za kompyuta aliyoiunga mwenyewe, na sauti ya mtu anayeshangilia juu ya filamu kama vile kibanda umiza chetu, na dunia nzima imeiangalia mtandaoni. Nairobi nao, Likarion Wainaina mwaka 2018 alitoa Supa Modo, ya binti mdogo mgonjwa anayeota kuwa supahiroo na kijiji kinashirikiana kumtengenezea filamu yake, ikaonyeshwa mpaka Berlin. Nilipoiangalia nililia, nilikuwa na mteja wa harusi pembeni anasubiri albamu, nikamwambia vumbi. Sasa mzee wangu wa ile barua anasema filamu za supahiroo hazina mafunzo, mi naomba atafute hiyo moja tu halafu aandike tena.

Sharti la pili ndo lilinikosesha usingizi, sababu yule muuzaji anajua watu wake. Ni kweli steringi hafi, mi mwenyewe kibanda umiza nimewahi kuona benchi linavunjwa. Lakini mwisho wa Liyongo sio wa kubadilisha. Mtoto kamchoma akiwa amelala, kakimbia. Liyongo kaamka na ile sindano kitovuni, kachukua upinde wake, katoka, kaenda mpaka karibu na kisima wanapochota maji watu wa mji, kapiga goti, kaweka mshale kwenye upinde kauvuta, na roho ikatoka hapo hapo. Kabaki vile vile. Watu wanakuja na mitungi wanamwona kapiga goti kakasirika na upinde umevutwa, wanakimbia. Mji mzima hauna maji na hakuna anayethubutu kusogea. Ikabidi waende kumwita mama yake aje ambembeleze. Mama anamwimbia mwanawe, anamsihi, mtoto hajibu. Siku zinapita mpaka mwili unaanguka wenyewe ndo wanajua kumbe walikuwa wanamwogopa maiti.

Nani ana mwisho mzuri kuliko huo? Na hauhitaji kompyuta hata dakika moja!

Kwenye filamu yangu kisima kimekuwa bomba la mtaa. Foleni ya ndoo, madumu ya njano, alfajiri, maji yanatoka siku mbili kwa wiki na leo ndo siku yenyewe, na mtu amepiga goti mbele ya bomba ameshika upondo wa kuvutia barafu. Maji yanamwagika. Hakuna anayesogea. Mama muuza vitumbua ndo atakuja kuimba. Tumefanya mazoezi mara moja uani kwangu, steringi kapiga goti, mama kaanza kuimba taratibu, wimbo wa kubembelezea mtoto wa kwao, na yule dereva wa bajaji ambaye hana sini hapo, alikuwa kaja tu kufuata chaji, akazima simu yake na kukaa chini.

Mama yangu alikuwa dirishani. Baadaye ananipakulia chakula akauliza, kwahiyo ndo harudi tena? Nikasema harudi mama. Akasema basi usimweke yule mtoto kwenye ile pikipiki tena, mwishoni. Nikamwambia mtoto hapati pikipiki, tajiri anaichukua. Akasema vizuri, akaongeza mchuzi.

Tatizo langu la sasa ni ndoo, na ndo nimeandikia Mhariri. Nahitaji foleni ya watu kama hamsini na nina watu kumi na sita, pamoja na watoto. Tunashuti Jumatano mbili za mwanzo wa mwezi ujao, Mbagala, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla jua halijaharibu, maana kuna kama dakika arobaini tu za ule mwanga wa bluu. Wanaokaa maeneo ya huku wakisikia kuna watu wanashuti bombani waje. Chai na vitumbua vipo, hela hakuna, nisiwadanganye. Waje na nguo zao za kawaida za kuchotea maji, wasipambe, na kila mtu na ndoo yake, ila tafadhali isiwe ile ya rangi yenye jina la kampuni, au basi waigeuze jina likae nyuma. Na kanga za pindo la kijani siku hiyo ruksa, hakuna kitambaa nyuma.

Yule mzee wa barua namkaribisha pia. Nimemwekea nafasi ya tatu kutoka mbele, mtu mwenye dumu anayesema "msogeleeni nyie, mnaogopa nini" halafu hasogei.

Wenu msomaji wa kila Jumamosi,
Mpiga picha za harusi, Mbagala, Dar es Salaam